Udongo unaonasa magari Tabora na umeme wa methanoli: Utando mwembamba unaoamua kila kitu

Mvua zikikolea upande wa Kigwa, wilayani Uyui mkoani Tabora, kila dereva anajua pa kuogopa: mbugani. Udongo mweusi wa mabondeni, kule kwenye majaruba ya mpunga, hunyonya maji, huvimba na kushika tairi kama gundi. Kiangazi kikirudi, udongo huohuo hupasuka na kuacha nyufa kubwa.

Kinachofanya udongo huo uvimbe na kupasuka ni aina ya mfinyanzi inayoitwa smektiti. Ndugu mmoja wa familia hiyo, montmorilonaiti, yumo kwenye maabara nyingi duniani. Wanasayansi wanamchanganya na plastiki maalumu wakitafuta kitu kimoja: karatasi nyembamba itakayofanya umeme wa methanoli uwe wa uhakika na wa bei nafuu.

Karatasi hiyo inaitwa utando. Bila utando mzuri, mtambo mzima unapoteza mafuta na umeme unakuwa hafifu.

Umeme wa methanoli ni nini?

Methanoli ni spiriti isiyo na rangi, jamii moja na pombe lakini ni sumu kali. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa na kukusanya mvuke wake, ndiyo maana iliitwa spiriti ya kuni. Siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani kwa gesi asilia, na nchini China kwa makaa ya mawe.

Seli ya mafuta ni kifaa kinachogeuza spiriti hiyo kuwa umeme bila kuiwasha moto. Haina mlio wa injini wala pistoni. Unaweka methanoli upande mmoja, hewa inaingia upande wa pili, na katikati unakaa utando.

Kazi inakwenda hivi. Upande wa spiriti, methanoli na maji hukutana na kichocheo cha madini ya platinamu yaliyochanganywa na ruteniamu. Molekuli moja ya methanoli inavunjwa na kutoa protoni 6, elektroni 6 na hewa ukaa. Elektroni hazipiti kwenye utando, zinalazimika kuzunguka kwenye waya. Huo mzunguko wa waya ndio umeme unaochaji simu.

Protoni zenyewe hupita katikati ya utando hadi upande wa hewa. Huko zinakutana na oksijeni na elektroni zilizorudi kutoka kwenye waya, na matokeo yake ni maji.

Kwa hesabu za vitabuni, seli moja ingetoa volti 1.2 hivi. Kwenye kazi halisi hutoa kama volti 0.3 hadi 0.5 tu. Ndiyo maana seli nyingi hupangwa pamoja, kama betri za tochi, mpaka volti zitoshe. Sehemu ya upotevu huo inasababishwa na utando.

Mzigo wa mpagazi

Kwa nini watu wahangaike na spiriti wakati jua lipo? Jibu ni uzito.

Kigwa inaijua vizuri hesabu ya uzito. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kufika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30. Kila kilichosafiri kilipimwa kwa kuuliza: kina thamani gani kwa kilo?

Swali hilohilo linaulizwa leo kwa umeme. Kampuni ya SFC Energy ya Ujerumani, ambayo imeuza makumi ya maelfu ya seli za methanoli za jina EFOY, inauza spiriti kwenye dumu lililofungwa la lita 10. Dumu hilo lina uzito wa kilo 8 na kitu, na linatoa umeme wa uniti 11 hivi, yaani kilowati-saa 11. Hiyo inatosha kuchaji simu janja ya kawaida zaidi ya mara 400.

Madumu matatu ya aina hiyo, kilo 25 hivi, yanatoa uniti 33. Betri ya gari yenye uzito wa kilo 25 hubeba kama uniti moja tu. Hapo tofauti inaonekana hata bila kikokotoo.

Ila kuna lakini yake. Betri ikiisha unaichaji tena kwa jua. Dumu la spiriti likiisha limeisha, lazima liletwe lingine.

Tatizo: spiriti inavuja

Sasa turudi kwenye utando, maana hapo ndipo shughuli ilipo.

Utando unaotumika zaidi unaitwa Nafion. Ulibuniwa na mkemia Walther Grot katika kampuni ya DuPont ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni polima, yaani plastiki, ya ukoo mmoja na ile ya kikaangio kisichoshika, lakini imeongezwa vikundi vya asidi. Vikundi hivyo hupenda maji. Utando ukilowa, ndani yake hujengeka vijia vidogo sana vilivyojaa maji.

Protoni hupita kwenye vijia hivyo kwa kupokezana. Fikiria mafundi wanaomwaga zege ghorofani: karai linapita mkono kwa mkono, mtu hasogei. Molekuli za maji hufanya hivyohivyo, moja inampa mwenzake protoni, naye anampa anayefuata. Protoni nyingine husafiri zikiwa zimebebwa na maji yenyewe.

Shida ni kwamba methanoli inafanana mno na maji. Ni ndogo, inachanganyika na maji kabisa, na inapita kwenye vijia hivyohivyo. Hata protoni zinapokwenda huburuza maji, na maji huburuza spiriti. Chujio la kawaida, kama kitambaa cha kuchujia asali, hutenganisha vitu kwa ukubwa wake. Hapa ukubwa pekee hausaidii.

Spiriti ikivukia upande wa hewa inaleta hasara tatu kwa mpigo. Kwanza, mafuta yameungua bure bila kutoa umeme kwenye waya. Pili, inatumia oksijeni iliyokuwa ya kazi nyingine. Tatu, inavuruga kichocheo cha upande huo na kushusha volti.

Joto likipanda, uvujaji unaongezeka. Spiriti ikiwa nzito, uvujaji unaongezeka pia. Kwa sababu hiyo, spiriti inayogusa utando kwa kawaida huzimuliwa sana, mara nyingi asilimia 3 hadi 6 tu, iliyobaki ni maji. Mtambo unahitaji pampu na vipimo vya kuchanganya spiriti na maji humo ndani. Kila pampu ni gharama, na ni kitu kingine cha kuharibika.

Utando mnene zaidi unapunguza uvujaji, na ndiyo maana mitambo mingi ya spiriti imetumia Nafion yenye unene wa karibu milimita 0.18. Lakini unene huo unaichosha protoni pia. Ukibana mlango kwa ajili ya mwizi, mwenye nyumba naye anapata tabu kuingia.

Udongo unaingiaje hapa?

Hapo ndipo wazo la utando mseto linapokuja. Mseto maana yake ni polima iliyochanganywa na kitu kingine ili kila kimoja kifidie udhaifu wa mwenzake.

Montmorilonaiti imeundwa kwa tabaka nyembamba ajabu. Unene wa tabaka moja ni karibu nanomita moja: gawa milimita moja mara milioni, chukua sehemu moja. Lakini upana wake ni mamia ya nanomita. Ni kama mabati madogo yaliyolala juu ya mengine. Maji yakiingia kati ya tabaka, udongo unavimba. Hicho ndicho kinachotokea mbugani mvua zikinyesha.

Tabaka hizo zikitenganishwa na kutawanywa ndani ya polima, spiriti haipiti tena moja kwa moja. Inazunguka huku, inakwepa kule, kama msafara unaokutana na pori la miiba kila hatua. Njia inakuwa ndefu na spiriti inayofika ng'ambo inapungua.

Swali linalofuata ni protoni: si nazo zitazungushwa? Ndiyo, zitazungushwa, kwani udongo mtupu haupitishi protoni vizuri. Kwa hiyo watafiti huupaka udongo vikundi vya asidi kama vile vya Nafion, ili uso wa kila tabaka uwe njia ya protoni na ukuta kwa spiriti.

Njia nyingine ni hizi:

• Silika, kemikali iliyomo kwenye mchanga, ikiwa chembe ndogo mno. Hushika maji ndani ya utando ili usikauke joto likipanda.

• Oksidi ya grafini, inayotengenezwa kwa madini ya kinywe. Nayo ina tabaka nyembamba kama udongo, na tayari ina vikundi vinavyopenda maji. Tanzania ina kinywe kingi Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi.

• Kubadilisha polima yenyewe. Wapo wanaotumia plastiki ngumu ya jina PEEK iliyotiwa asidi ya salfa. Wengine wanajaribu kitosani, kitu kinachotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa. Sababu kubwa ni bei. Sababu nyingine ni kwamba Nafion iko kwenye kundi la kemikali za florini zisizooza kirahisi, ambazo zinazidi kubanwa na sheria, hasa Ulaya.

Kwa nini haujafika dukani?

Tafiti za utando mseto zimechapishwa kwa miaka zaidi ya 20 sasa. Mbona hauuzwi Kariakoo?

Sababu ya kwanza ni ule mvutano wa milango. Ongeza udongo, uvujaji unashuka, lakini protoni nazo zinapungua. Watafiti hupima uwiano wa vitu hivyo viwili. Utando unaoziba spiriti vizuri lakini unabana protoni hauna faida kubwa.

Ya pili ni mabonge. Udongo usipotawanyika vizuri hujikusanya, kama uji uliokorogwa vibaya. Palipo na bonge, pembeni yake huacha upenyo, na spiriti inapita hapohapo. Kuweka udongo kidogo, asilimia chache tu ya uzito, mara nyingi kunaleta matokeo mazuri kuliko kuujaza.

Ya tatu ni muda. Utando wa maabara ni kipande kidogo kinachopimwa kwa saa au siku. Mtambo wa kweli unatakiwa kufanya kazi maelfu ya saa, ukiwashwa na kuzimwa, ukilowa na kukauka. Chembe zinaweza kuchomoka, na utando unaweza kupasuka kama mbuga wakati wa kiangazi.

Na ya nne ni mpinzani. Oktoba 2009, kampuni ya Toshiba ilianza kuuza nchini Japani chaja ya simu inayotumia methanoli, jina lake Dynario. Mililita 14 za spiriti zilitosha kuchaji simu ya wakati ule kama mara mbili. Zilitengenezwa 3,000 tu, na bei yake ilikuwa yeni 29,800. Betri za lithiamu zikaendelea kushuka bei, na leo pawa benki ziko kila mahali. Kwa kuchaji simu ya mkononi, mshindi ameshajulikana.

Basi faida yake iko wapi kwa mtu wa Kigwa?

Faida haiko kwenye taa ya chumbani. Hapo sola na betri vinatosha na vinakwenda vikishuka bei.

Faida iko kwenye vitu visivyotakiwa kuzima hata siku tatu za mawingu. Mfano ni friji ya chanjo kwenye zahanati iliyo mbali, redio ya mawasiliano, kituo cha kupima hali ya hewa, na mnara wa simu.

Mei 2023 serikali ya Tanzania ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 za vijijini. Mnara usio na umeme wa gridi unaishi kwa sola, betri na jenereta ya dizeli. Dizeli inasafirishwa kwenye barabara zilezile zinazopita mbugani, na ni rahisi kuibwa. Mnara ukizima, simu hazipatikani na miamala ya pesa inasimama. Mama mwenye mgonjwa usiku hawezi kumpigia bodaboda.

Tukubaliane na ukweli hapa: seli inayonywa spiriti moja kwa moja, kama hizo za EFOY, kwa kawaida hutoa wati 40 hadi 125 tu. Inatosha friji ndogo ya chanjo. Friji inayokula wastani wa wati 50 mchana na usiku ingetumia lita moja na kidogo kwa siku, na dumu la lita 10 lingekaa siku 9 hivi.

Mnara unataka kilowati moja au zaidi. Kwa kazi kubwa hutumika aina nyingine, ambayo kwanza huipika methanoli igeuke haidrojeni, kisha haidrojeni ndiyo inaingia kwenye seli. Aina hiyo imeshajaribiwa Afrika. Mwaka 2014, karibu na Kroonstad nchini Afrika Kusini, nyumba 34 za jamii ya Naledi Trust ziliwekewa umeme wa seli za methanoli kwa ushirikiano wa kampuni za Anglo American Platinum na Ballard pamoja na shirika la umeme la Eskom.

Utando bora ungeleta mabadiliko hasa kwenye ile aina ya kwanza, ndogo na rahisi. Spiriti ingeweza kuingia ikiwa nzito, pampu zingepungua, na kila lita ingetoa umeme mwingi zaidi. Mzigo wa kupitisha mbugani ungekuwa mdogo.

Hatari ambayo haiwezi kufichwa

Dizeli ikiibwa, hasara ni ya pesa. Methanoli ikiibwa, hasara inaweza kuwa ya roho.

Kwa macho na harufu, ni vigumu kuitofautisha na pombe kali. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho. Mililita 10, vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu. Mililita 30 zinaweza kumuua. Dalili hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24, kwa hiyo mtu hulala akidhani amelewa kawaida.

Afrika Mashariki inazo kumbukumbu zake. Nairobi, Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100. Kabale nchini Uganda, mwaka 2010, waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu. Mei 2014 Kenya ilipoteza tena zaidi ya watu 60 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu.

Mahali penye gongo, kupeleka mapipa ya spiriti bila ulinzi ni kucheza na maisha. Ndiyo maana madumu yenye mfuniko unaofunguka tu yanapounganishwa na mtambo ni sharti, si mbwembwe. Na anayeshukiwa kunywa methanoli apelekwe hospitali haraka hata kama anaonekana mzima, kwa sababu ipo tiba inayozuia sumu isitengenezwe mwilini, ila lazima ianze mapema.

Ukiletewa mtambo huu, uliza haya

Iwe ni kwa zahanati, shule au kikundi cha kijiji, maswali manne yanatosha kumjua muuzaji mkweli:

1. Lita moja inatoa uniti ngapi? Mtambo mzuri wa leo unatoa uniti moja na kidogo. Anayeahidi nne anataja nishati yote iliyomo kwenye spiriti, si umeme utakaoupata.

2. Utando una muda gani wa kuishi, na ukichoka nani anabadilisha?

3. Dumu jipya linatoka wapi, na linafikaje wakati wa masika?

4. Dumu linafungwaje ili mtoto au mlevi asiweze kulifungua?

Akijibu la kwanza na la pili kwa takwimu zilizoandikwa kwenye dhamana, mazungumzo yanaweza kuendelea. Akishindwa la nne, mtambo usishushwe kwenye gari.